Kutambua Spishi Mpya ya Samaki wa Maji Baridi kwa Umbile na Vinasaba

Somo hili linaunganisha mada tatu ambazo wanafunzi wengi huzisoma kila moja peke yake: Uainishaji wa Viumbehai, Jenetiki na Mageuko. Swali moja la insha linaweza kuzigusa zote tatu. Mtahiniwa aliyekariri maana za istilahi bila kuona uhusiano wake huanza vizuri, kisha hukwama katikati ya ukurasa. Soma taratibu, ukiwa na kalamu na karatasi ya mazoezi.

1. Swali la kuanzia

Soma swali lifuatalo. Andika jibu lako kwa dakika tano kabla ya kuendelea.

"Mvuvi amenasa mtoni samaki ambaye wenzake wanasema hawajapata kumwona. Eleza namna mwanabiolojia anavyoweza kuthibitisha kama samaki huyo ni wa spishi mpya. (Alama 15)"

Wanafunzi wengi hujibu hivi: "Atatazama rangi na ukubwa wake. Akiona ni tofauti na samaki wengine, basi ni spishi mpya." Jibu hilo halifiki mbali. Nenda sokoni ukatazame fungu la sato. Utaona wakubwa na wadogo, weusi na weupe kiasi, wanene na waliokonda, na wote ni sato. Tofauti peke yake haithibitishi spishi mpya. Inabidi ujue ni tofauti ya aina gani, imetoka wapi, na kama inarithiwa.

Tunza jibu lako. Utalirudia mwishoni.

2. Spishi ni nini?

Katika ngazi za uainishaji, spishi ndiyo ngazi ya chini kabisa: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Maana unayotakiwa kuijua ni hii:

Spishi ni kundi la viumbehai wanaozaliana wao kwa wao katika mazingira yao ya asili na kupata wazao wenye uwezo wa kuzaa.

Zingatia maneno "katika mazingira yao ya asili". Wanafunzi wengi huyaacha, na baadaye katika somo hili utaona kwa nini hayatakiwi kuachwa.

Sasa fikiria ugumu wake. Mwanabiolojia aliye na samaki mmoja aliyekufa ndani ya chupa hawezi kumwozesha na samaki mwingine ili aone kama watazaa. Kwa hiyo hutafuta dalili za kuzaliana au kutozaliana. Dalili hizo zinapatikana katika sehemu kuu mbili: umbile la mwili na vinasaba. Makundi mawili yasipozaliana kwa muda mrefu, kila moja hulimbikiza mabadiliko yake. Mabadiliko hayo huonekana katika mpangilio wa DNA, na mengine huonekana katika mifupa, meno, magamba na mapezi.

Hapa ndipo mada ya Mageuko inapoingia. Spishi mpya haitokei siku mvuvi anapoinasa. Ilikuwepo tayari. Kilicho kipya ni sisi kuitambua.

3. Ushahidi wa kwanza: umbile

Kazi huanza kwa ufunguo wa utambuzi, ule ule uliousoma katika mada ya Uainishaji. Mwanabiolojia hujibu maswali ya jozi, hatua kwa hatua: samaki ana magamba au hana? Ana sharubu au hana? Pezi la mgongoni ni moja au ni mawili? Akifika mwisho wa ufunguo na samaki wake hafanani na spishi yoyote iliyoorodheshwa, hapo ana sababu ya kuchunguza zaidi. Hana bado sababu ya kutangaza.

Uchunguzi wa umbile una sehemu tatu.

(a) Kuhesabu. Huhesabiwa miiba ya mapezi, magamba yaliyo juu ya mstari wa pembeni, meno, na pingili za uti wa mgongo. Pingili huhesabiwa kwa picha ya eksirei bila kumpasua samaki. Hesabu hizi zina faida kubwa: kwa kawaida hazibadiliki samaki anapokua. Sato mwenye urefu wa kiganja na sato wa kilo mbili hawatofautiani kwa idadi ya pingili kwa sababu ya ukubwa wao.

(b) Kupima. Hupimwa urefu wa mwili, urefu wa kichwa, kipenyo cha jicho, kimo cha mwili na urefu wa mkia. Vipimo hivi havilinganishwi vikiwa vitupu, kwa sababu samaki hukua. Hugeuzwa kuwa uwiano. Tazama mfano huu wa kutungwa:

Samaki wa kwanza: mwili mm 120, kichwa mm 36. Uwiano: 36 ÷ 120 × 100 = asilimia 30.
Samaki wa pili: mwili mm 80, kichwa mm 24. Uwiano: 24 ÷ 80 × 100 = asilimia 30.
Samaki wa tatu: mwili mm 100, kichwa mm 38. Uwiano: 38 ÷ 100 × 100 = asilimia 38.

Samaki wa kwanza ana kichwa kirefu kuliko cha wa pili kwa mm 12, lakini uwiano ni ule ule. Wawili hao wanaweza kuwa spishi moja katika umri tofauti. Wa tatu ndiye anayetia shaka. Hata hivyo, mmoja hatoshi. Lazima wapimwe samaki wengi, wa kiume na wa kike, wakubwa na wadogo, ndipo tujue kama asilimia 38 ni sifa ya kundi zima au ni ya samaki mmoja tu.

(c) Kutazama ndani. Umbo la fuvu, mpangilio wa mifupa ya bega, aina ya meno ya mdomoni na ya kooni, na urefu wa utumbo hueleza mengi. Samaki anayekula mimea kwa kawaida huwa na utumbo mrefu kuliko anayekula samaki wenzake.

Udhaifu wa umbile. Kumbuka kanuni ya Jenetiki: sifa inayoonekana ni matokeo ya jeni pamoja na mazingira. Samaki aliyekosa chakula bwawani hudumaa. Dume huweza kuwa na rangi kali na jike akawa amefifia, na mtu asiyejua akawahesabu kuwa spishi mbili. Kwa upande mwingine, spishi mbili tofauti huweza kufanana kwa nje kiasi kwamba macho yanashindwa kuzitenganisha.

4. Ushahidi wa pili: vinasaba

Kabla samaki hajawekwa kwenye fomalini, hukatwa kipande kidogo cha pezi au cha nyama na kuhifadhiwa kwenye ethanoli. Fuata mpangilio huu usije ukaugeuza katika mtihani: fomalini huimarisha mwili lakini huharibu DNA. Aliyetanguliza fomalini huweza kubaki na samaki mzuri wa kutazama ambaye vinasaba vyake ni vigumu kusomeka.

Maabara hufuata hatua hizi:

Kwanza, DNA hutenganishwa na protini na mafuta ya seli.

Pili, sehemu fulani ya DNA hunakiliwa mara nyingi. Nyuzi mbili za DNA hutenganishwa kwa joto la karibu nyuzi 95 za Selisiasi. Halijoto hushushwa ili vipande vifupi vya kuanzishia vishikamane na nyuzi hizo. Kisha kimeng'enya hujenga nyuzi mpya. Kila mzunguko huongeza nakala mara mbili. Kipande kimoja kikizidishwa mara mbili kwa mizunguko 30, hesabu inatoa zaidi ya nakala bilioni moja.

Tatu, mpangilio wa besi husomwa: adenini (A), thimini (T), guanini (G) na sitosini (C).

Nne, mpangilio huo hulinganishwa na wa samaki wengine wanaojulikana.

Kwa wanyama, sehemu inayotumika sana ni kipande cha jeni ya mitokondria iitwayo COI, chenye besi takriban 650. Hutumika kama alama ya utambulisho, mfano wa zile alama za mistari zilizo kwenye bidhaa za dukani. Jizoeze kwa mfano huu mfupi wa kutungwa wenye besi 20:

Samaki A: ATGCC GTTAC GGATC CATTG
Samaki B: ATGCC GTTAC GGATC CATTA
Samaki C: ATACC GTCAC GGGTC CACTG

Kati ya A na B kuna tofauti moja: 1 ÷ 20 × 100 = asilimia 5.
Kati ya A na C kuna tofauti nne: 4 ÷ 20 × 100 = asilimia 20.

A na B wana ukaribu wa nasaba kuliko A na C. Lakini usiandike kwamba kuna asilimia moja maalumu inayotenganisha spishi zote duniani. Haipo. Kinachotafutwa ni makundi: je, samaki wote wa kundi hili wanakaribiana wao kwa wao, na kuachana wazi na kundi lile?

Udhaifu wa vinasaba. DNA ya mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Chotara ambaye mama yake ni spishi X na baba yake ni spishi Y ataonekana kuwa X mtupu tukisoma mitokondria peke yake. Kwa sababu hiyo husomwa pia jeni zilizo kwenye kiini cha seli, ambazo hutoka kwa wazazi wote wawili. Udhaifu wa pili ni muda: spishi zilizoachana karibuni huenda hazijapata nafasi ya kulimbikiza tofauti nyingi za DNA.

Kwa hiyo kila ushahidi una upofu wake. Mifano miwili ifuatayo ni ya kweli. Katika mfano wa kwanza macho yalishindwa na vinasaba vikaonyesha njia. Katika wa pili mambo yalikwenda kinyume.

5. Mfano wa kwanza: mkunga wa umeme wa Amazon

Katika mito ya Amerika ya Kusini yuko samaki anayeitwa mkunga wa umeme. Umbo lake ni refu kama la mkunga, lakini kiuainishaji si mkunga wa kweli. Yuko karibu zaidi na jamii ya kambale. Hutumia umeme wa mwili wake kuduwaza mawindo na kujikinga.

Mwaka 1766 Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi, ambalo leo ni *Electrophorus electricus*. Kwa takriban miaka 250 wanasayansi waliamini kuwa mikunga wote wa umeme, katika eneo kubwa la Amazon na majirani zake, ni spishi moja. Ukiwapanga mezani wanafanana.

Timu ya watafiti iliyoongozwa na David de Santana wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani iliamua kuipima imani hiyo. Ilikusanya samaki 107 kutoka sehemu mbalimbali. Mwanzoni, kwa kuwatazama kwa nje, hakukuonekana tofauti ya maana. Waliposoma vinasaba, samaki wale waligawanyika katika makundi matatu yaliyo wazi.

Angalia walichofanya baada ya hapo, maana ndiyo kiini cha somo hili. Hawakukimbilia kutangaza. Walirudi kwenye miili ya samaki wale wale na kuichunguza upya, safari hii wakijua nani ni wa kundi gani. Wakaona tofauti ndogo zilizokuwa zimepita machoni: umbo la fuvu, sifa za mapezi ya kifuani, na mpangilio wa vitundu vilivyo kwenye ngozi. Tofauti hizo zilikubaliana na makundi ya vinasaba.

Ukaja ushahidi wa tatu, wa makazi. Kundi moja hukaa kaskazini, upande wa Guyana na Suriname. La pili hukaa kusini, kwenye nyanda za juu za Brazili. La tatu hukaa katika mabonde ya chini ya Amazon, ambako maji huenda polepole na yana tope. Na umeme wenyewe ulipimwa: samaki mmoja wa kundi la kusini alitoa volti 860, wakati kiwango cha juu kilichokuwa kikitajwa kabla ya hapo kilikuwa volti 650. Watafiti walieleza kuwa maji ya nyanda za juu yana chumvi chache zilizoyeyuka, hivyo hayapitishi umeme vizuri, na volti kubwa huenda ni matokeo ya uteuzi asilia katika maji ya aina hiyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Jina la zamani, *Electrophorus electricus*, lilibaki kwa kundi la kaskazini. Makundi mengine mawili yalipewa majina mapya: *Electrophorus voltai*, kwa heshima ya Alessandro Volta aliyebuni betri, na *Electrophorus varii*, kwa heshima ya Richard Vari, mtaalamu wa samaki wa Smithsonian.

Fundisho: umbile peke yake lingetuacha na spishi moja badala ya tatu.

6. Mfano wa pili: furu wa Ziwa Victoria

Sasa njoo nyumbani. Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ndugu wa mbali wa sato. Wako wa aina nyingi mno: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, wanaokula wadudu na wanaokula samaki wenzao. Wanasayansi wanakadiria kuwa ziwa hili lilikuwa na takriban spishi 500 za furu.

Wanajiolojia wameonyesha kuwa ziwa hili lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Katika historia ya viumbe, muda huo ni mfupi sana. Ndiyo maana ukisoma kile kipande cha COI kwa furu wawili wenye meno, midomo na rangi tofauti kabisa, unaweza kukuta kinafanana. Anayetegemea kipande hicho peke yake ataweka spishi nyingi katika kapu moja.

Chukua furu wawili wanaoishi kwenye visiwa vya mawe vya kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza. Wa kwanza ni *Pundamilia nyererei*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wa pili ni *Pundamilia pundamilia*. Ndiyo, hilo ni neno letu la Kiswahili, kwa sababu ya mistari yao myeusi. Dume wa *nyererei* ana wekundu mgongoni. Dume wa *pundamilia* ana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Majike wao wamefifia na wanafanana sana.

Katika maji maangavu, jike huchagua dume wa rangi ya spishi yake. Makundi hayachanganyiki, ingawa yako kwenye mawe yale yale, moja kwenye kina kifupi na lingine chini zaidi. Lakini watafiti walipowaweka kwenye matangi na kuwasha taa inayoficha tofauti za rangi, majike waliacha kuchagua. Walizaliana na dume yeyote, na wazao wao waliweza kuzaa.

Rudi sasa kwenye maana ya spishi na yale maneno niliyokuambia usiyaache. Kwenye tangi lenye taa ya namna hiyo, ungewaita spishi moja. Katika mazingira yao ya asili, kwenye maji maangavu, ni spishi mbili. Uchunguzi wa kina wa DNA ya kiini ulisaidia pia: tofauti zilipatikana katika sehemu chache, ikiwemo jeni inayohusika na kuona mwanga mwekundu, ambayo inalingana na mwanga uliopo kwenye kina wanachoishi.

Fundisho: kipande kimoja cha DNA kingetuacha na spishi moja badala ya mbili. Umbile, rangi, tabia na DNA ya kiini kwa pamoja vilitoa jibu.

7. Kumpa jina na kuthibitisha

Ushahidi ukishakubaliana, bado samaki hajawa spishi inayotambulika. Mambo haya hufuata:

(i) Huchaguliwa samaki mmoja awe kielelezo rasmi, kiitwacho holotipu. Huhifadhiwa kwenye jumba la makumbusho, ili mtu yeyote mwenye shaka baadaye aweze kwenda kumchunguza.

(ii) Hupewa jina lenye sehemu mbili, jenasi na spishi. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo. Kwenye kitabu huchapwa kwa mlazo. Wewe kwenye mtihani unaandika kwa mkono, hivyo pigia mstari kila sehemu peke yake.

(iii) Maelezo huchapishwa: sifa zinazomtofautisha na ndugu zake wa karibu, vipimo, makazi na mahali alipopatikana.

Elewa maana ya hatua hizi. Spishi mpya ni dai la kisayansi, na dai huwa na nguvu likiwa linaweza kukaguliwa na wengine. Ndiyo maana holotipu hatupwi.

8. Kwa nini jambo hili lina uzito

Unaweza kuuliza: mvuvi anafaidika nini na majina ya Kilatini? Jibu liko ziwani kwetu.

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na furu wakapungua vibaya. Inakadiriwa kuwa takriban spishi 200 za furu zilitoweka. Baadhi yao wanasayansi walikuwa wameshawaona na kuwapa majina ya muda tu. Walitoweka kabla ya kuelezwa rasmi. Mtu aliyewahesabu wote kama "furu" tu angeona furu wamebaki ziwani na kusema hakuna kilichopotea.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Misitu ikikatwa na mbolea ikisombwa na mvua hadi ziwani, maji huchafuka. Mwanga hupungua, rangi hazionekani vizuri, na majike huacha kuchagua kama wale wa kwenye tangi. Spishi mbili huchanganyika na kurudi kuwa kundi moja la chotara. Katika sehemu zenye maji ya tope jambo hili limeonekana. Hapo spishi inapotea bila samaki hata mmoja kufa kwa ghafla.

Hatuwezi kulinda tusichokitofautisha.

9. Makosa ya kuepuka

1. Kutaja rangi na ukubwa peke yake kama uthibitisho. Taja hesabu, uwiano na mifupa.
2. Kusema "DNA ikitofautiana ni spishi mpya". Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana DNA. Sema tofauti za makundi, zinazorithiwa na zinazokubaliana na ushahidi mwingine.
3. Kuchunguza samaki mmoja. Sampuli lazima iwe ya samaki wengi, wa jinsi zote na wa umri tofauti.
4. Kuandika jina la kisayansi ovyo: Pundamilia Nyererei si sahihi.
5. Kusahau maneno "wazao wenye uwezo wa kuzaa" na "mazingira ya asili".

10. Muundo wa jibu la swali la kuanzia

Utangulizi: toa maana ya spishi na ueleze kuwa tofauti moja haitoshi (alama 2).
Kiini:
- kukusanya samaki wengi na kuhifadhi kipande kwenye ethanoli kabla ya fomalini (alama 2);
- kutumia ufunguo wa utambuzi (alama 1);
- kuhesabu na kupima sehemu za mwili, kutumia uwiano na eksirei (alama 3);
- kusoma na kulinganisha DNA ya mitokondria na ya kiini, ukitoa sababu ya kutumia zote mbili (alama 3);
- kulinganisha ushahidi wa umbile, vinasaba na makazi ili kuona kama unakubaliana (alama 2);
- kuchagua holotipu, kutoa jina na kuchapisha maelezo (alama 1).
Hitimisho: umuhimu wa utambuzi katika uhifadhi, kwa mfano mmoja halisi (alama 1).

Mgawanyo huu ni wa mazoezi. Sasa chukua jibu ulilotunza, lisahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kisha liandike upya bila kutazama kitabu.

11. Maswali ya kujipima

1. Kokotoa asilimia ya tofauti kati ya Samaki B na Samaki C katika mfano wa sehemu ya 4.
2. Samaki ana DNA ya mitokondria ya spishi X, lakini jeni zake za kiini ni nusu X na nusu Y. Ni samaki wa aina gani, na mama yake ni wa spishi gani?
3. Kwa nini urefu wa kichwa hugawanywa kwa urefu wa mwili kabla ya kulinganisha samaki wawili?
4. Eleza kwa nini kipande cha COI hakitoshi kutenganisha furu wa Ziwa Victoria.

Vidokezo vya majibu: (1) Tofauti 5 kati ya 20, yaani asilimia 25. (2) Chotara, mama ni wa spishi X, kwa kuwa mitokondria hurithiwa kutoka kwake. (3) Ili kuondoa athari ya ukubwa na umri. (4) Spishi zao zimeachana kwa muda mfupi, hivyo tofauti hazijalimbikizana vya kutosha katika kipande hicho.